Patasi ya Kibokoni au meza ya Embakasi?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma kabla sijajuta.

Nina miaka 29, mzaliwa wa Kuze hapa Mombasa, na huu ni mwaka wa sita niko kwenye klaringi, katika ofisi ya mawakala wa forodha ambayo sitaitaja. Kazi yangu ni hati. Meli ikitia nanga Kilindini mimi niko mbele ya kompyuta, nawasilisha maelezo ya mzigo kwa forodha, nahakikisha ushuru umelipwa, nawapigia watu wa bandarini kuuliza kontena iko wapi, na mwenye mzigo naye anipigia mimi kuuliza lilo hilo. Mshahara ni Sh52,000. Makato yakishapita, mkononi hufika kama Sh40,000. Si haba. Nakaa kwa wazazi, silipi kodi, na kila mwezi nawatolea changu.

Lakini mimi mwili uko Kuze, moyo uko Kibokoni. Nikiwa na miaka 12, nikitoka chuoni kusoma Kurani, nilikuwa nikisimama kwenye karakana ya fundi mmoja wa nakshi. Sote twamwita Babu Fundi, ingawa mimi naye hatuna udugu. Siku moja akachoka kuniona nimesimama, akanipa kipande cha msasa. Nilisugua mbao miaka miwili bila kushika patasi. Baadaye akaniachia mnyororo wa ubavuni, ule wa kwenye miimo, ambao hata ukikosea haumuudhi mtu. Sasa hata mfaa wa katikati aniachia mimi, na wajua Mjomba kwamba mfaa ndio uso wa mlango. Kila Jumamosi na Jumapili niko pale. Nikishika bobari, ile patasi ya mdomo wa mviringo, adhana ya magharibi hunikuta nikidhani bado ni alasiri. Ofisini, ikifika saa nne ya asubuhi huwa nishaitazama saa mara sita.

Mwezi huu yamekuja mawili kwa pamoja.

La kwanza, ofisi yataka nihamie Nairobi, kwenye meza yetu ya bandari kavu ya Embakasi. Cheo kitapanda na mshahara utakuwa Sh78,000. Jibu wanalitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

La pili ni Babu Fundi. Macho yameingia mtoto wa jicho, na sukari nayo yamsumbua. Ijumaa iliyopita baada ya swala aliniita akaniambia, "Karakana nimekupa. Mimi nitakaa pale mlangoni ninywe kahawa." Na karakana yenyewe haiko tupu. Kuna mwenye nyumba ya wageni kule Diani ataka milango sita mikubwa, ya kufunguka pande mbili, yenye nakshi kamili, kila mmoja Sh120,000. Hizo ni Sh720,000! Nikienda Nairobi itanichukua mwaka na zaidi kuzishika pesa hizo. Mlango mmoja, nikiwa na vijana wawili wa karakana, hutuchukua kama wiki tano. Mbao za mlango ni kama Sh45,000, vijana hulipwa Sh700 kwa siku kila mmoja, na kodi ya karakana ni Sh9,000 kwa mwezi. Hata nikitoa hayo naona faida ipo. Huyo bwana wa Diani ameshaambiwa kuna mahali mashine ya kompyuta yachonga kwa nusu ya bei yetu, lakini yeye asema ataka wa mkono.

Baba hataki kusikia. Alifanya kazi bandarini miaka mingi mpaka akapunguzwa, na kiinua mgongo chake ndicho kilichonilipia masomo ya forodha. Nilipomgusia habari ya karakana alisema neno moja tu, "Mbao hazina pensheni," akainuka akaenda kulala bila kula. Mama aniambia nifuate moyo wangu lakini nisimuue babangu. Sijui hilo litafanyikaje.

Nina mchumba, mwalimu wa watoto wadogo kule Majengo. Posa imekubaliwa, mahari nakusanya. Yeye sijamwambia neno, wala la Nairobi wala la karakana. Naogopa atakalosema.

Rafiki zangu wote waniambia nifuate ndoto yangu, lakini nikiwatazama wao wenyewe kila mwisho wa mwezi wasubiri mshahara. Nifanye nini Mjomba? Nichague nikipendacho nife njaa nikicheka, au nichague mshahara nishibe nikinuna?

Wako,
Wa njia panda, Kuze


JIBU LA MJOMBA

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza na kikombe cha kahawa, mara ya pili kahawa imepoa na mkononi nina kalamu. Hilo swali lako la mwisho ni tamu mdomoni, ila nitaliweka kando kwanza tupige hesabu.

Wasema Sh720,000. Haya. Milango sita, wiki tano kwa mlango, ni wiki 30, yaani miezi saba. Mbao Sh45,000 mara sita, Sh270,000 zishaondoka. Vijana wawili kwa Sh700, siku sita za wiki, ni Sh8,400 kila wiki. Kwa wiki 30 ni Sh252,000. Kodi ya miezi saba ni Sh63,000. Hukutaja bawaba, komeo, vanishi, msasa, stima wala gari la kuivusha milango hadi Diani. Mimi nimekuwekea Sh30,000 kwa yote hayo, na najua nimebana. Jumla iliyotoka ni Sh615,000. Iliyobaki ni Sh105,000. Igawe kwa miezi saba: Sh15,000 kwa mwezi. Na hapo Babu Fundi hajaonja hata hiyo kahawa yake ya mlangoni.

Shusha pumzi, kisha uzipige mwenyewe. Huenda wiki tano zikawa nne mikono ikizoea, huenda milango miwili ikaenda sambamba. Hata ukizikuna namna gani, Sh40,000 huzioni humo.

Wewe ni mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu ushuru wa mizigo ya watu mpaka shilingi ya mwisho. Kontena ya mgeni hupitii mstari mmoja bila kuukagua. Mzigo wako mwenyewe umeupitisha bila hata kuufungua! Nadhani najua sababu. Hilo la ofisini unaliona kazi, hili la Kibokoni unaliona mapenzi, na mapenzi twaona haya kuyapigia hesabu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo barua yako iliponishtua. Katika miaka 17 uliyokaa na mzee, umesugua, umechonga mnyororo, umefika kwenye mfaa. Hakuna pahali umeniandikia kwamba uliwahi kwenda kununua mbao, kupanga bei na mteja, kumdai mtu aliyechukua mlango akanyamaza, au kumwambia kijana kwamba wiki hii hakuna pesa. Hayo yote aliyafanya mzee huku wewe umeinamia bobari. Hicho ukipendacho ni kuchonga. Unachopewa na mzee ni karakana. Ni vitu viwili tofauti, mpwa wangu. Mwenye karakana huchonga akipata nafasi. Muda mwingine yuko kwenye simu na mhasibu wa hoteli anayemwambia arudi Jumatatu. Kumbe ni kazi ile ile unayoikimbia: hati, simu, kufuatilia, kusubiri.

Ila geuza upande wa pili uone. Kazi hiyo ya kufuatilia ndiyo karakana ile imeikosa, na wewe umeifanya miaka sita. Ukimtazama fundi hodari aliyefunga duka, mara nyingi mkono wake ulikuwa mzima. Kilichomwangusha ni kitabu. Usiidharau miaka yako ya klaringi ukadhani umeipoteza.

Turudi kwenye bei. Sh120,000 ni bei ya mzee, na nahisi ni ya zamani, mbao zikiwa rahisi na yeye mwenyewe akiwa ndiye kijana wa kulipwa Sh700. Ukitaka mkono wako upate kama unachopata leo, na mzee apate walau Sh10,000 kila mwezi, mlango ule haushuki chini ya Sh160,000. Mwambie hivyo bwana wa Diani. Akikubali, na alipe nusu ya pesa zote kabla msumeno haujagusa mbao, kwa maandishi, na tarehe za kulipa nusu ya pili ziandikwe mlango kwa mlango. Akikataa utakuwa umejua jambo kubwa bila gharama. Ni afadhali ulijue sasa kuliko mwezi wa nne wa kazi.

Usishindane na mashine. Ile haichoki, na mlango mpya wa ubao bapa itauchonga wewe ukiwa bado watafuta kalamu ya kuchorea. Lakini mpeleke mtu wa mashine mlango wa miaka mia ambao mguu wa mwimo mmoja umeoza, umwambie aongeze kipande kifanane na kilichobaki, ua kwa ua, kwa kina kile kile cha mkono wa fundi aliyekwisha kufa. Atakurudishia. Pita Ndia Kuu, pita Kibokoni, hesabu milango inayolia. Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa kisheria, na mwenye nyumba hafai kung'oa mlango wa nakshi aweke wa chuma apendavyo. Atahitaji mtu wa kuutengeneza. Watu hao ni wengi kuliko wenye nyumba za wageni za Diani, na hawaji kwa msimu. Mimi mwaka 1997, baada ya ghasia za Likoni, niliona hoteli zikifungwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2020 nyote mliona, ndege za abiria za kutoka nchi za nje zilisimamishwa Machi zikarudi Agosti. Karakana inayomtegemea mgeni peke yake ina mlango mmoja, na hautokei nyuma.

Nairobi sasa. Sh78,000 makato yakipita yatabaki kama Sh56,000. Nyongeza ni Sh16,000. Hapa unakaa kwa wazazi. Kule chumba cha kulala na jiko, pahali pa heshima pa mtu anayetaka kuoa, na nauli ya kila siku, vitaila nyongeza yote na kuonja mshahara wa zamani. Bado hujapanda basi au treni kuja kumsalimia mamako. Kwa pesa safari hiyo haina tija. Kama ungeniambia waipenda kazi ya forodha na wataka siku moja uwe na ofisi yako, ningekwambia nenda kesho, cheo kina maana. Hukuniambia hivyo. Uliniambia watazama saa.

Tena, babako hakukosea kukuhofia, ila amekosea kuhusu kilicho salama, na hili ulizungumze naye kwa adabu. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ilizinduliwa hapa, tukapiga makofi. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya bara ipande reli mpaka Nairobi, na barabara za mji huu zikajaa waandamanaji. Mawakala waliona meza zao zikihamia Embakasi na madereva wa malori wakawa barazani na sisi wazee. Septemba 13, 2022, Rais Ruto siku ile ile ya kuapishwa akatangaza kazi hiyo irudi Mombasa. Katika miaka mitano kazi yako ilipelekwa bara na kurudishwa, na wewe hukuulizwa. Hata mfumo wa kompyuta wa forodha mliouzoea, ule wa Simba, uliondolewa ukaja mwingine. Babako mwenyewe alipunguzwa. Lakini nadhani anachokumbuka si siku aliyopunguzwa. Anakumbuka ile hundi, kwa sababu ile hundi ndiyo iliyokusomesha wewe. Ukimwendea na maneno ya moyo utamwambia kwamba hundi yake umeitupa baharini. Mwendee na daftari. Mwonyeshe bei, mwonyeshe malipo ya mbele, mwambie cheti chako cha forodha hakiozi, na kwamba makato ya uzeeni ya NSSF utajilipia mwenyewe kila mwezi, hata kidogo, na bima ya afya ya SHA vilevile, ambayo kwa mtu asiyeajiriwa kiwango chake cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Mzee wa bandarini huzielewa karatasi.

Kisha, Babu Fundi na hilo neno lake, "Nimekupa". Amekupa nini? Umesema kodi ni Sh9,000, kwa hiyo chumba si chake. Alichonacho ni vyombo, mbao zilizoko, wateja na jina. Je, mwenye chumba ajua wewe ndiye mpangaji mpya? Na mzee ana watoto? Hukusema, nami siulizi kwa umbea. Wewe ni Muislamu, wajua kwamba hiba haitimii kwa maneno. Yataka aliyepewa akubali na akabidhiwe mkononi, mwenyewe angali hai. Na akisema ni wosia, kwa asiye mrithi hauzidi thuluthi. Siku Mungu akimchukua, mtoto wake anaweza kushuka kutoka huko aliko akakukuta umeshika patasi za babake, mkaanza safari za mahakama ya kadhi mkiwa nyote mnalia. Andikeni mapema, mashahidi wawili, watoto wake wakijua. Ukiona haya kumwambia mzee jambo hili, mtafute imamu wa mtaa aliseme yeye.

Na tena jambo dogo ambalo nashangaa hamjaliona nyote wawili. Mtoto wa jicho hupasuliwa. Sukari huleta matata yake kwenye macho, hilo ni la daktari kusema, lakini kabla hujairithi karakana ya mtu kwa sababu haoni, mpeleke akapimwe macho. Akipasuliwa akaona, huenda akataka kiti chake. Na mimi naona hiyo ndiyo habari njema kuliko zote katika barua hii: yeye ashike karakana miaka mingine michache, nawe ushike kitabu chake na mfaa wake.

Wataka niseme la kufanya, sio? Basi hivi ndivyo ningefanya mimi. Nairobi ningekataa, kwa barua ya heshima, nikiomba kubaki Mombasa kwenye meza yangu. Sikufichi, yumkini hawatafurahi, na yumkini cheo kitapita mlangoni pako kiende kwa mtu mwingine. Hilo ndilo utakalolipa. Kisha ningeomba likizo. Sheria ya kazi yakupa siku zisizopungua 21 za likizo yenye mshahara kwa mwaka, na najua vijana wa klaringi mwazilimbikiza. Siku hizo zote nenda karakana, lakini wiki ya kwanza usishike bobari kabisa! Fanya kazi ya mwenye duka: nenda kwa wauza mbao mwenyewe uulize bei ya mvule na ya mwembe, zungumza na Diani, zungumza na mwenye chumba, nenda kwa watu watatu wa Mji wa Kale wenye milango mibovu ukawape makadirio, andika kila shilingi. Wiki zilizobaki chonga. Likizo ikiisha utajua kama wiki ile ya kwanza ilikuchosha au ilikuchangamsha, na hilo mimi siwezi kukwambia kutoka barazani.

Kama ilikuchangamsha na Diani amelipa, rudi ofisini utoe notisi ya mwezi kwa utaratibu, usigombane na mtu. Wenye mizigo wale wale ndio wajengao majumba Nyali. Kama ilikuchosha, baki na mshahara, na Jumamosi zako, na usione kuwa umeshindwa. Kuna kuchonga kwa kulisha watoto na kuna kuchonga kwa kutuliza roho, na si lazima cha pili kiwe cha kwanza. Vilevile nenda ukafanye mtihani wa gredi wa useremala wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi. Utacheka, mtu wa miaka 17 kwenye patasi akapimwe kukata kiungo cha mbao! Lakini siku kazi ya hoteli kubwa au ya serikali itakapotangazwa, wataomba karatasi, na Babu Fundi hana ya kukupa.

Nikwambie langu kidogo, maana mwaniita Mjomba na sijawahi kuwaambia. Nilikuwa karani wa mizigo Kilindini miaka 31, na usiku wa Jumamosi nikipiga kodiani kwenye harusi. Kuna wakati kikundi kilinitaka niache kazi nisafiri nao. Nikakataa, na watu wakanisifu kwa busara. Hadi leo wakinikuta wanadhani ninasikitika sikuwa mwanamuziki. Hapana. Nilipiga mpaka vidole vikaingia baridi yabisi, nilishiba. Kinachonikera ni kwamba sikupiga hesabu. Sikuwauliza harusi ngapi kwa mwezi, kila mmoja apata ngapi, miezi ya Ramadhani mwala nini. Niliogopa, nikaivika hofu kanzu nikaiita busara. Pengine hesabu ingeniambia nikatae vile vile. Lakini ningekataa nikijua.

Nimebakiza la mchumba, na hapa nitakuwa mkali. Umemwambia babako, mamako, rafiki zako, na sasa umeniambia mimi na kila asomaye ukurasa huu. Yule atakayekula nawe chungu kimoja hujamwambia. Hata akikuruka, wajibu wako ni kumwambia. Na kwa nini umeamua kwamba atakuruka? Mwalimu wa watoto wadogo ajua kuishi na mshahara mdogo kuliko wewe na mimi. Huenda akakuuliza swali moja tu, mtakula nini Mei na Juni wageni wakiwa wamekwenda zao, na wewe kwa sasa huna jibu. Mwendee baada ya kupiga hesabu, kabla ya kujibu ofisi. Ukimpelekea jambo lililokwisha kuamuliwa, hiyo ni taarifa, na mke hapewi taarifa.

Mahari isiguswe kununulia mbao. Nakuona unavyowaza.

Nami hapa Mwembe Tayari nina mlango wa nyuma ambao kizingiti chake cha chini kimeliwa na mchwa, na nakshi ya juu ameivunja mjukuu kwa mpira. Ukianza likizo pita uupime. Kahawa ipo. Ila bei unipe yako wewe, usinipe ya mzee.